Viatu alivyoninunulia mama vinanila miguu

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni kijana wa miaka 27, mkazi wa Isevya hapa Tabora. Tangu Machi mwaka huu nimeajiriwa kwenye ofisi moja ya mikopo mjini. Nakaa kaunta kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi na moja jioni, na siku za marejesho sikai kabisa, nasimama, maana foleni inafika nje.

Nilipopata kazi hii mama alifurahi kuliko mimi. Yeye anauza mchele na karanga za kupima. Alidunduliza kidogokidogo mpaka akaninunulia moka nyeusi za ngozi halisi, mpya za dukani, si za mtumba. Alinikabidhi zikiwa bado kwenye boksi akasema, "Baba yako kafanya kazi reli miaka yote ile, hakuwahi kuvaa kiatu cha namna hii." Nilizivaa palepale sebuleni, tukacheka, akanipiga picha.

Baada ya wiki tatu hivi miguu ikaanza kuwasha. Ilianza juu ya vidole, hasa vidole gumba, halafu ikapanda mgongo wa mguu, palepale kiatu kinapolala. Vinatoka vipele vidogo vya maji, vinapasuka, kisha ngozi inakauka na kuwa nyeusi, ngumu. Miguu yote miwili iko sawasawa. Katikati ya vidole hakuna kitu. Duka la dawa walinipa dawa ya fangasi ya kupaka, nikamaliza tyubu mbili bila nafuu. Wakanipa nyingine iliyotuliza siku chache, nilipoiacha hali ikarudi vibaya zaidi.

Kinachonichanganya ni hiki. Sikukuu ya Idi nilishinda nyumbani siku nne na ndala, miguu ikatulia. Nikarudi kazini Jumatatu, Jumatano nikaanza kujikuna upya. Mama kaliona hilo na kasema, "Nyumbani uko salama, basi ofisini kuna mtu." Anaamini nimekanyagishwa kitu na mwenzangu aliyeitaka nafasi hii akaikosa. Ameshazungumza na mzee mmoja wa upande wa Sikonge anayesema atanisafisha. Mimi sitaki kwenda, lakini sina la kumjibu.

Nilijaribu kwenda kazini na sendo za wazi, meneja akanirudisha nyumbani nikabadilishe. Utaratibu wetu unataka viatu vyeusi, vya kufunika mguu, visafi. Nikanunua viatu vingine vya mtumba, muuzaji akaapa si ngozi. Kwa juu ni kweli, ni plastiki inayong'aa, lakini ndani vina soli nyembamba ya kahawia ambayo sijui ni kitu gani. Vinanibana mpaka jioni nashindwa kutembea vizuri, na sasa hata nyayo, ambazo zilikuwa salama, zimeanza kuwasha.

Kuna jambo jingine, sijui kama linahusu. Kabla ya hapa nilikuwa saidia fundi miaka minne, nachanganya zege na kufyatua tofali za saruji. Ndiyo kazi iliyonilipia chuo. Viganja vilikuwa vinapasuka mpaka vinatoa damu, nikajua ni ugumu wa kazi. Miguu haikunisumbua kwa sababu nilivaa buti za mvua.

Naomba unisaidie, Shangazi. Nitapataje viatu vya heshima visivyo vya ngozi, ninavyoweza kusimama navyo kutwa? Na mama nimwambie nini?

Kijana wa Isevya

*

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya pili nilianzia pale chini, kwenye lile jambo uliloliweka mwisho ukidhani halihusu. Linahusu sana.

Saruji ina kiasi kidogo cha madini yaitwayo kromiamu, tena ya ile aina inayopenya ngozi ya binadamu kwa urahisi. Mtu anayeshika zege bichi kila siku bila glavu, viganja vimechubuka na vimelowa, anaikaribisha mwilini. Baadhi ya watu mwili unafika mahali unaikataa, na ukishaikataa haisahau hata baada ya miaka mingi. Huo ndio mzio, wengine mnauita aleji. Sasa angalia viatu vya mama. Ngozi ya ng'ombe haivaliki mpaka isindikwe, na sehemu kubwa ya ngozi za viatu duniani husindikwa kwa chumvi za kromiamu ili ziwe laini na zisioze. Sehemu ya kromiamu hiyo inaweza kugeuka kuwa ileile ya kwenye saruji. Mguu ukitoka jasho ndani ya kiatu kilichofungwa, jasho linaifyonza na kuileta kwenye ngozi yako. Mzio wa aina hii hauji papo hapo, huchukua siku moja mpaka tatu. Ndiyo maana unavaa Jumatatu na unajikuna Jumatano.

Kaka yangu, Mungu amrehemu, alikuwa mwashi. Viganja vyake navikumbuka, vilikuwa kama udongo wa mbugani wakati wa kiangazi. Usiku tulimpaka mafuta ya mgando, tukamwambia ndiyo kazi ya kiume. Hakuna aliyetueleza kwamba kule Denmark, tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980, saruji huchanganywa chumvi ya madini ya chuma ili kuizima hiyo kromiamu, wala kwamba mwaka 2005 Umoja wa Ulaya ulikataza saruji inayozidi miligramu 2 za kromiamu ya aina hiyo kwa kilo. Ningejua, ningemnunulia glavu za mpira hata kwa kuuza kanga zangu. Kwa hiyo kijana yeyote anayesoma hapa na anachanganya zege leo: vaa glavu, na zikiloa kwa ndani zivue.

Nirudi kwako. Mimi si daktari, na kinachofanana na mzio kinaweza kuwa kingine. Lakini ulivyoeleza vipele vyako ni kama umemchorea daktari ramani. Fangasi ya miguu hupenda katikati ya vidole, kwenye unyevu, hasa kati ya kidole kidogo na jirani yake, na mara nyingi huanza mguu mmoja. Wewe katikati ya vidole pako salama, panapowasha ni pale ngozi ya kiatu inapogusa, miguu yote miwili kwa mpigo. Nenda Kitete, hospitali ya rufaa ya mkoa, na mfuko wenye jozi zote mbili za viatu. Mweleze daktari habari ya saruji kabla ya habari ya viatu. Muulize kama anaweza kukuandikia rufaa kwa daktari wa ngozi, kwa sababu kuna kipimo cha mzio kinachofanywa kwa kubandika vibandiko vidogo vyenye kemikali mgongoni. Vinakaa siku mbili bila kuloweshwa, mgongo unasomwa, kisha unasomwa tena siku moja au mbili baadaye. Ukikipata, utajua kwa hakika ni kromiamu au ni kitu kingine. Ile dawa iliyotuliza haraka kisha hali ikarudi kwa nguvu, usiinunue tena kwa kubahatisha. Dawa nyingi za namna hiyo zina steroidi, dawa kali ya kutuliza mwasho, na hiyo hupakwa kwa kipimo na muda anaoutaja daktari.

Wakati unasubiri, moka za mama zivue kabisa. Usijipe moyo kwamba mguu utazoea. Kwa mzio huu hakuna kuzoea, kila unapovaa unauchochea.

Hizo za mtumba nazo naona zimekudanganya, na hapa nataka nikae kidogo kwa sababu ndipo wengi wanapopotea. Kiatu kina sehemu tatu. Kuna ya juu inayoonekana, kuna ya ndani, yaani bitana na soli ya ndani unayoikanyaga, na kuna soli ya nje. Muuzaji anapoapa "hii si ngozi" anaizungumzia ya juu. Soli yako ile ya kahawia, kwa jinsi nyayo zilivyoanza kuwasha baada ya kuivaa, naishuku sana. Itoe. Zilizo nyingi zimebandikwa tu, zinabanduka kwa kisu butu. Itazame upande wa chini na kwenye ukingo uliokatwa. Ngozi halisi ina nyuzinyuzi zilizosokotana ovyo, kama manyoya. Ngozi bandia ina tabaka la plastiki juu na kitambaa kilichofumwa chini, na mstari kati yao unauona.

Kabla hujalipia, geuza kiatu utafute kibandiko au chapa ndogo, ndani ya ulimi wa kiatu, ubavuni au chini ya soli. Viatu vilivyotengenezwa kuuzwa Ulaya, na mitumba yetu mingi inatoka huko, vina michoro ya zile sehemu tatu na alama pembeni ya kila mmoja. Huo ni utaratibu wao wa tangu mwaka 1994. Umbo la ngozi ya mnyama iliyotandazwa maana yake ngozi. Umbo hilohilo likiwa na mraba mdogo uliosimama kwa kona katikati yake, ni ngozi iliyopakwa utando juu. Hiyo nayo ni ngozi, iache. Alama ya nyuzi zilizofumwa ni kitambaa. Mraba uliosimama kwa kona ukiwa peke yake ni vitu vingine, kama plastiki na mpira. Wewe unatafuta kiatu ambacho alama zote tatu ni za kitambaa au mraba huo. Hata hivyo papasa ndani kwa kidole, kwa sababu alama inataja kile kinachochukua angalau asilimia 80 ya sehemu ile, na kipande cha ngozi kisiginoni kinaweza kujificha kwenye asilimia zilizobaki.

Maneno ya Kiingereza yanayochapwa kwenye viatu nayo yana mitego. "PU leather" kwa kawaida si ngozi, ni plastiki, kwa hiyo neno lile la pili lisikutishe. "Bonded leather" ni mabaki ya ngozi yaliyosagwa na kugandishwa kwa gundi, hiyo iogope. "Leather upper" inasema juu ni ngozi, basi. "All man-made materials", yaani vyote vimetengenezwa kiwandani na si ngozi, ndiyo unayoitaka. (Na kwa wasomaji Waislamu ambao wananiuliza mara kwa mara: bitana ya ngozi ya nguruwe utaijua kwa vitundu vyake vya vinyweleo, vinakaa vitatuvitatu kwa makundi. Ukiviona, kiache kiatu hata kama bei ni nzuri.)

Sasa kubana. Mguu huvimba kadiri siku inavyokwenda, na Tabora yetu ya Septemba na Oktoba hata aliyekaa anavimba. Usinunue viatu asubuhi. Jioni, ukitoka kazini, simama wima juu ya karatasi ngumu, mwenzako achore mguu wako kuuzunguka, mmoja baada ya mwingine kwa sababu mara nyingi miguu hailingani. Kata michoro hiyo, nenda nayo sokoni au mnadani mfukoni. Itumbukize ndani ya kiatu. Karatasi ikijikunja pembeni, kiatu hicho ni chembamba kwako, na hakuna muuzaji atakayekibadilisha kwa kukuambia kitapanuka. Ngozi halisi hupanuka kidogo ikivaliwa, plastiki haipanuki. Hilo ndilo kosa kubwa la wanaohamia viatu visivyo vya ngozi, wananunua vya kubana kwa mazoea ya zamani. Mbele ya kidole kirefu pabaki nafasi ya kama upana wa kidole gumba. Kisha kikunje kiatu kwa mikono miwili. Kikunjike pale vidole vinapoanzia, kama mguu unavyojikunja. Kikikunjika katikati kama daftari, mtu anayesimama kutwa nacho jioni atalia na nyayo.

Kati ya plastiki zenyewe, ile ngumu inayong'aa kama kioo ambayo kidole kikiibonyeza hairudi, iache. Inapika mguu, na jasho kwako ni adui. Tafuta laini ya PU, au ile ya nyuzi ndogondogo iitwayo maikrofaiba kama utabahatika, au kitambaa kizito cheusi. Ila za PU zina ugonjwa wake, mwanangu. Joto na unyevu huivunja taratibu hata kama haijavaliwa, na soli yake inaweza kumong'onyoka kama mkate mkavu siku ya kwanza unayoitoa. Kwa mtumba, bonyeza soli kwa ukucha na kunja mara tano sita kabla ya kulipa. Ukishanunua, usivianike juani wala juu ya bati. Dawa ya viatu havihitaji, kitambaa chenye unyevu kinatosha.

Usipovipata sokoni, nenda kwa fundi viatu. Kwa kweli mimi hii njia ndiyo naipenda zaidi, kwa sababu fundi unakaa naye, unaona kila kinachoingia ndani ya kiatu chako. Mpelekee michoro yako ya mguu. Mwombe akukatie moka nyeusi kwa ngozi bandia ile wanayovalisha siti za magari, au turubai la pamba lililotiwa rangi nyeusi, bitana ya kitambaa cha pamba, soli ya ndani ya sponji iliyofunikwa kitambaa. Mtamkie wazi: hata kipande kimoja cha ngozi kisiingie, wala kile kigumu cha kisigino ambacho mafundi wengi hukikata kwenye viatu vikuukuu. Na aishone soli, gundi iwe kidogo na mbali na mguu. Sababu ni kwamba gundi za viatu na mpira vina kemikali zao ambazo nazo huwapa baadhi ya watu mzio. Ukiacha ngozi kabisa wiki sita na miguu bado inawasha, usinirushie lawama wala usikate tamaa, hapo gundi au mpira ndio wa kuchunguzwa, na daktari apewe taarifa hiyo.

Pata jozi mbili, hata kama ya pili itangoja mshahara wa mwezi ujao. Kiatu kilichoshinda na mguu kinahitaji siku nzima kukauka. Soksi ziwe za pamba, nyeusi, na nyingine ibaki kwenye droo ya ofisini ubadilishe mchana.

Meneja wako mimi sioni kama ana kosa. Utaratibu uliouandika hapa unataja rangi, kufunika na usafi, neno ngozi halimo. Mteja aliyesimama mbele ya kaunta haoni kiatu chako kimetokana na nini. Lakini kabla hujavaa vipya, mwone akiwa peke yake, mwonyeshe cheti cha daktari na miguu yenyewe. Mtu aliyeona vidonda hivyo kwa macho yake hatakurudisha nyumbani tena.

Sasa mama. Nimeliacha hili mwisho kwa sababu ndilo linalokuuma kuliko vipele, naona kabisa. Hukukua na viatu vya duka, na yeye anajua kila kilo ya karanga iliyoingia kwenye boksi lile. Usimfiche. Tena usianze kwa kumwambia mganga ni mwongo, mtagombana na bado hutakuwa umemjibu. Anza pale alipoona sawa. Yeye ndiye aliyegundua kwamba nyumbani unapona na ofisini unaumwa, madaktari wenyewe huanza na swali hilohilo. Mwambie, "Mama, uliona kweli. Kilichokuwa kinanidhuru nilikuwa nakwenda nacho na kurudi nacho." Kisha mkumbushe viganja vyako vya wakati wa zege. Kama ni mama wa namna ninayoidhania, yeye ndiye aliyekuwa akivipaka mafuta usiku, na anakumbuka palipopasuka kuliko unavyokumbuka wewe. Nenda naye Kitete, daktari amweleze yeye pia. Safari ya Sikonge iahirishwe mpaka majibu yatoke, hilo sidhani atalikataa.

Na viatu vyenyewe usivifungie kabatini vikaliwa na mchwa. Mwulize mama nani katika ukoo anavaa namba yako na hajawahi kushika saruji. Amchague yeye, amkabidhi kwa mkono wake, vikiwa kwenye boksi lake. Ile picha aliyokupiga sebuleni ibaki.

Niandikie mvua za Novemba zikishaanza, uniambie miguu imesemaje na fundi wako amekutoza kiasi gani. Wapo wenzako wanaosubiri kujua.

Shangazi